Shajara ya mradi: wiki 12 baada ya wodi

Kabla ya kuanza

Karatasi iliyonisukuma kuanzisha mradi huu ilikuwa na mstari mmoja tu chini ya neno "ushauri": apumzike, afanye mazoezi, arudi kliniki baada ya wiki sita. Mgonjwa alikuwa mama aliyepooza upande wa kulia baada ya kiharusi. Aliyeishika karatasi alikuwa binti yake, amesimama mlangoni mwa wodi na mfuko wa dawa mkononi. Aliniuliza, "Dada, mazoezi gani?" Nilimwonyesha mawili pale pale koridoni, harakaharaka, kwa kuwa gari lilikuwa likiwasubiri nje. Wiki sita baadaye mama yule alirudi na bega linalouma hata hakutaka mtu amguse, na kidonda cha kulalia juu ya makalio.

Wiki sita hizo ndizo zenye thamani kuliko zote. Sehemu kubwa ya uwezo unaorudi baada ya kiharusi hurudi ndani ya miezi mitatu ya kwanza. Baada ya hapo mtu huendelea kupata nafuu, ila polepole zaidi. Sisi tunawatoa watu wodini katikati ya kipindi hicho, kisha tunawaacha peke yao.

Tuko watatu: mimi wa fiziotherapia, muuguzi aliyekaa miaka mingi katika wodi ya kiharusi, na mtaalamu wa tiba kazi (anayemsaidia mgonjwa kurudia kazi za kila siku kama kula na kuvaa) anayetupa siku mbili kwa wiki. Tutamfuata kila mgonjwa tangu akiwa bado kitandani wodini hadi wiki ya 12 nyumbani. Hatubahatishi. Mapitio ya mwaka 2017 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopitia tafiti za afya, yalikusanya majaribio 17 yenye washiriki 2,422 na kuona kwamba timu inayopanga safari ya mgonjwa kurudi nyumbani, kisha ikaendelea kumhudumia huko, hupunguza siku za kulazwa kwa takriban tano au sita, na wagonjwa wanaobaki wakijitegemea huongezeka. Faida ilikuwa wazi zaidi kwa waliopata kiharusi chepesi au cha wastani, na pale kazi yote iliposhikwa na timu moja yenye mratibu. Neno "moja" nimelipigia mstari.

Mpango tunaoanza nao: kijitabu cha mazoezi chenye picha, karatasi ya kuweka alama kila siku, na ziara moja kwa wiki.

Wiki ya 1

Nyumba ya kwanza. Mzee amepooza kushoto, anakaa kitandani akishikiliwa, na binti yake ndiye anayemhudumia. Wodini binti alitutazama tukimhamisha baba yake kutoka kitandani hadi kitini, akaitikia kwa kichwa na kusema ameelewa. Nyumbani nilipomwomba anionyeshe, alimshika baba yake kwapa na mkono wa kushoto, akavuta.

Nilimsimamisha kwa upole, kwa sababu hana kosa. Hakuna aliyewahi kumwambia bega hilo likoje. Misuli inayolishikilia imelegea, na uzito mzima wa mkono unaning'inia kwenye kano na ngozi ya kiungo. Ukivuta hata mara moja, kichwa cha mfupa kinaweza kushuka kutoka mahali pake. Ukivuta kila siku, unapata maumivu yatakayomfanya mgonjwa akatae kila zoezi la mkono kwa miezi. Kwa hiyo tulianza upya. Kiti kiwekwe upande wenye nguvu. Miguu yake irudi nyuma kidogo, visigino chini ya magoti. Mkanda mpana kiunoni, na mkono wa mhudumu uwe nyuma ya bega, kwenye fupa la bega lenyewe, kamwe usiwe kwapani. Goti la mhudumu lizuie goti dhaifu lisikunjike. Mgonjwa ainame mbele, "pua ipite vidole vya miguu," ndipo ainuke. Mara ya nne binti alifanya bila mimi kugusa kitu. Mzee akasema, "Hivi ndivyo nilivyokuwa nataka."

Kanuni mpya imetoka hapa: mgonjwa haondoki wodini mpaka mhudumu wake amhamishe mara tatu, sisi mikono yetu ikiwa nyuma. "Nimeelewa" haihesabiki.

Kaka mkubwa wa nyumba hiyo anataka baba afanyishwe mazoezi mazito tangu asubuhi hadi jioni ili "awahi kupona." Nilimweleza kuhusu utafiti wa AVERT uliochapishwa mwaka 2015 na kuhusisha wagonjwa 2,104. Walioinuliwa kitandani mapema sana na kwa wingi ndani ya siku ya kwanza hawakuwa na hali bora baada ya miezi mitatu. Waliotoka vizuri walikuwa wengi zaidi upande wa huduma ya kawaida. Baba yake ameshavuka siku hizo za mwanzo, lakini nilitaka asikie kwamba ubongo ulioumia una kiasi chake. Alisikiliza. Nadhani alikuwa anaogopa zaidi ya alivyokuwa mkali.

Wiki ya 2

Muuguzi wetu hupiga simu saa 48 baada ya mgonjwa kufika nyumbani. Safari hii aliongea na mke wa mgonjwa, kisha akaomba mgonjwa mwenyewe aseme lolote. Aliposikia sauti ina majimaji, kama mtu anayeongea na maji kooni, alituma tuende siku hiyo hiyo. Mgonjwa hakuwa amekohoa hata mara moja wakati wa kula. Hapo ndipo penye hatari: chakula au mate yanaweza kuingia njia ya hewa bila kikohozi chochote, kwa kuwa hisia za koo zimepungua. Alikuwa na joto kidogo na pumzi za haraka. Alirudishwa hospitali, nimonia ikakamatwa mwanzoni, akatoka baada ya siku chache.

Tulikaa na mke wake kwa muda mrefu. Mgonjwa ale akiwa ameketi wima, si nusu kulala kwenye mito. Kijiko kidogo. Asubiriwe ameze kabla ya kijiko kingine, na asisemeshwe mdomo ukiwa na chakula. Baada ya kula, kidole au brashi laini ipite ndani ya shavu lililopooza, kwa sababu chakula hujificha pale na mgonjwa hakihisi. Abaki ameketi nusu saa. Meno na ulimi visafishwe asubuhi na usiku, hata kwa anayelishwa kwa mpira wa puani, kwa kuwa bakteria wa kinywani ndio wanaoshuka na mate hadi mapafuni. Vinywaji vifanywe vizito kiasi gani ili amudu kuvimeza, hilo alipange mtaalamu aliyempima. Tumekuta nyumba ambako kila kitu kilifanywa kizito kwa kukisia, na mgonjwa akawa anakosa maji mwilini.

Simu ya saa 48 haitaondolewa katika mradi huu hata tukipungukiwa na kila kitu kingine.

Wiki ya 3

Kuanguka. Nyumba mbili kwa wiki moja, zote usiku, zote njiani kwenda chooni. Hakuna aliyevunjika mfupa.

Mmoja wao ana tatizo ambalo familia ililiita ukaidi. Kiharusi kimepiga upande wa kulia wa ubongo, na kwake upande wa kushoto umefutika. Anaacha nusu ya sahani. Anagonga mlango kwa bega la kushoto. Anaapa kwamba mguu ulio kitandani si wake. Mtaalamu wa tiba kazi alikaa na familia nzima akawafanya wafumbe jicho moja na kugeuza vichwa ili waonje kidogo. Haifanani kabisa na anachokipata mgonjwa, ila ilitosha kuwatoa hasira. Sasa anayemsalimia husimama kushoto kwake na kusubiri mpaka ageuke. Utepe mwekundu umebandikwa ukingoni mwa meza upande wa kushoto, na hafungui kitabu kabla jicho halijaufikia.

Kuhusu usiku: taa ibaki inawaka, zulia liondolewe, kiti cha choo kiwe kando ya kitanda upande wenye nguvu, na mgonjwa apelekwe haja kabla ya kulala bila kusubiri aombe. Tumewafundisha pia jinsi ya kuinuka kutoka sakafuni kwa hatua, kwa kutumia kiti imara. Watu wengi hawakuwa wakiogopa kuanguka kwenyewe. Waliogopa kulala chini masaa bila msaada.

Wiki ya 5

Leo tumekusanya karatasi za mazoezi. Nyingine hazina alama. Nyingine zimejazwa zote kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, bila shaka dakika chache kabla hatujabisha hodi. Sikumuuliza mtu. Wamejaza kwa sababu wanatuheshimu na hawataki tuvunjike moyo.

Jioni nilirudia kusoma utafiti wa ATTEND, ambao nilikuwa naufahamu tangu mwanzo lakini nikautaja haraka kwenye vikao vyetu kwa kuwa matokeo yake hayakutufaa. Ulifanyika India katika hospitali 14 na kuchapishwa kwenye jarida la The Lancet mwaka 2017. Wagonjwa walikuwa 1,250. Nusu yao, familia zilifundishwa kufanya tiba nyumbani. Nusu nyingine walipata huduma ya kawaida. Baada ya miezi sita, waliofariki au kubaki tegemezi walikuwa asilimia 47 upande huu na asilimia 47 upande ule. Hakuna tofauti.

Nimekaa na namba hizo mbili zinazofanana mpaka usiku. Mtu anaweza kusema basi tuache. Mimi nasoma hivi: ukimkabidhi ndugu kazi ya mtaalamu juu ya kazi zote alizo nazo, kisha ukaondoka, hujaongeza tiba. Umeongeza mzigo. Na ndicho tulichokuwa tunakifanya na kijitabu chetu kizuri.

Kuna namba nyingine inayonisumbua. Watafiti waliohesabu mazoezi ya mkono katika vikao halisi vya tiba, na kuchapisha mwaka 2009, walikuta wastani wa marudio 32 ya vitendo vyenye maana kwa kikao. Wanyama wa maabara walioonyesha mabadiliko ya ubongo walikuwa wakirudia mamia ya mara kwa siku. Ziara yangu moja kwa wiki haiwezi kuziba pengo hilo. Kinachoweza kuliziba ni siku yenyewe, kwa kuwa siku ina kuinuka, kukaa, kushika, kugeuka na kufika.

Tumeamua hivi. Karatasi za alama zimeondolewa. Kijitabu kinabaki kwa anayekipenda. Kila mgonjwa anachagua kazi mbili anazotaka kuzirudisha, zake mwenyewe, na tunazivunja vipande na kuvitia katika mambo yanayotokea nyumbani hata tusipokuwepo. Kabla ya kila mlo ainuke na kuketi mara tano. Mlango wa kabati la nguo ufunguliwe kwa mkono dhaifu tu. Simu iwekwe mahali pa kumlazimisha kunyoosha mkono. Hakuna anayeambiwa "fanya mazoezi."

Wiki ya 6

Kuhusu dawa, nitaandika kwa ufupi. Mgonjwa mmoja aliacha kidonge cha presha kwa kuwa mashine ilionyesha namba nzuri. Alidhani presha imepona. Muuguzi alimweleza kwamba namba ni nzuri kwa sababu ya kidonge. Utafiti wa PROGRESS wa mwaka 2001, wenye washiriki 6,105 waliowahi kupata kiharusi au dalili zake za kupita, ulionyesha kwamba kushusha presha kwa dawa kulipunguza kiharusi cha pili kwa asilimia 28. Kwa wengi lengo ni kuwa chini ya 130/80, daktari wao akikubali.

Karatasi ya mgonjwa mwingine haikusema kiharusi chake kilikuwa cha aina gani. Takriban viharusi 85 kati ya 100 hutokana na mshipa kuziba, vilivyobaki ni vya kuvuja damu, na dawa ya kuzuia damu kuganda inayomlinda wa kwanza inaweza kumdhuru wa pili. Tulipiga simu wodini kabla ya mtu kumeza chochote. Kuanzia sasa aina ya kiharusi inaandikwa juu kabisa ya karatasi, kwa herufi kubwa.

Wiki ya 7

Mkono. Wagonjwa wawili, na majibu mawili tofauti.

Mama mmoja anaweza kuinua kifundo cha mkono na kufungua vidole kidogo. Kwa mtu kama yeye tuna ushahidi wa tiba ya kuufunga mkono wenye nguvu ili ule dhaifu ulazimike kufanya kazi. Utafiti wa EXCITE wa mwaka 2006, wenye washiriki 222 waliokuwa kati ya mwezi wa tatu na wa tisa baada ya kiharusi, uliwavisha mkono wenye nguvu glovu kwa karibu asilimia 90 ya muda waliokuwa macho kwa wiki mbili, pamoja na mazoezi makali. Manufaa yalionekana hata mwaka mmoja baadaye. Mama huyu bado hajafika mwezi wa tatu, kwa hiyo tumemwanzishia saa chache kwa siku, kwa kazi za kuketi tu, na glovu huvuliwa anapotembea.

Mzee wa nyumba ya kwanza hana mwendo wowote wa vidole. Kumfunga mkono wake wa kulia kungekuwa kumnyang'anya alichonacho. Kwake kazi ni kulinda: mkono ulale juu ya mto akiwa ameketi, usiachwe ukining'inia, vidole vifunguliwe taratibu kila siku, na ngozi ya kiganja ikaushwe. Binti yake aliniuliza kama utarudi. Nilimwambia ukweli, kwamba mkono usio na dalili ya mwendo baada ya wiki nyingi mara nyingi haurudi kufanya kazi kamili, na kwamba bado kuna mambo mengi ya kumfanyia baba yake. Alinyamaza, kisha akaendelea kuvifungua vile vidole kimoja kimoja.

Wiki ya 8

Mwalimu mstaafu mwenye afazia, yaani kiharusi kimeharibu uwezo wake wa kutumia lugha. Anahesabu moja hadi kumi bila kukwama, lakini ukimuuliza ana watoto wangapi, "watatu" haliji. Familia ilidhani anaigiza, au akili imeondoka. Akili ipo. Maneno yanayotoka kwa mazoea, kama hesabu na siku za wiki, hupita njia nyingine kuliko neno la kutafutwa.

Nyumba nzima ilikuwa inamjibia. Tumewaomba jambo moja gumu kuliko zoezi lolote: wanyamaze wahesabu hadi kumi kimoyomoyo kabla ya kumsaidia. Maswali yawe ya ndiyo au hapana, redio izimwe, kalamu na karatasi viwe karibu. Leo mjukuu wake aliuliza na kusubiri. Babu alichora mstari, akauelekeza dirishani, kisha likatoka neno "mvua." Ilikuwa inanyesha kweli.

Wiki ya 9

Binti wa nyumba ya kwanza hakufungua mlango upesi. Alipofungua alikuwa na macho mekundu. Halali. Humgeuza baba yake kila baada ya saa mbili usiku, humpeleka haja, kisha asubuhi huanza upya. Kwa wiki nane nilikuwa namsifu kwa jinsi anavyofanya vizuri, na sikumuuliza hata mara moja analala saa ngapi.

Hili ni kosa langu na naliandika kama lilivyo. Kwa wagonjwa tulikuwa tunauliza kuhusu sonona kila ziara, kwa kuwa takriban theluthi moja ya waliopata kiharusi huipata. Kwa wanaowahudumia hatukuwa na swali hata moja.

Kuna tafiti mbili za Uingereza ninazozilinganisha kila mara. Ule wa mwaka 2004 ulihusisha wahudumu 300, na waliofundishwa wakapungukiwa na mzigo na huzuni. Wa pili, wa mwaka 2013, ulijaribu mafunzo hayo katika vitengo 36 vyenye wagonjwa 928, vingine vikipata mafunzo na vingine huduma ya kawaida, na tofauti haikuonekana. Waandishi wake wenyewe walisema huenda siku za mwanzo za kiharusi si wakati unaofaa. Naamini hilo. Wodini mtu anajaribu kuelewa kama baba yake ataishi. Huwezi kumjaza pia mbinu za miezi mitatu. Afundishwe wodini yale ya usiku wa kwanza tu. Mengine yamfuate nyumbani, kidogo kidogo, anapoyahitaji.

Tuliitisha kikao cha familia jioni hiyo hiyo. Kaka mkubwa, yule wa mazoezi mazito, alikuwa hajawahi kumgeuza baba yake hata mara moja, alidhani atamuumiza. Alijifunza kwa dakika ishirini. Godoro la kupunguza mgandamizo limepatikana kwa kuazima, na muuguzi atakagua ngozi kila asubuhi kwa siku kadhaa kuona kama mapumziko kati ya kugeuzwa yanaweza kurefushwa. Zamu ya usiku imegawanywa.

Wiki ya 12

Vipimo vya nyumba ya kwanza. Kwa kipimo cha Barthel, kinachopima mtu anavyojitegemea, kinachotumika tangu 1965 na kwenda 0 hadi 100, mzee ametoka 30 hadi 60. Anaketi mwenyewe, anakula mwenyewe, anahamia kitini akisimamiwa tu. Anatembea na fimbo ndani ya nyumba, chini ya mita 0.4 kwa sekunde, na kwa kasi hiyo bado ni mtu wa ndani. Kuvuka barabara kunahitaji kasi kubwa zaidi. Ngozi ni nzima. Bega haliumi.

Siwezi kusema ni mradi uliofanya hayo. Sehemu yake ubongo ungefanya wenyewe. Bega na ngozi, hata hivyo, najua.

Tumejadili kupanua, na nimewakumbusha wenzangu kuhusu COMPASS, utafiti wa huduma ya mpito kutoka hospitali hadi nyumbani, katika hospitali 40 za North Carolina, Marekani, uliochapishwa mwaka 2020. Mpango ulikuwa mzuri kwenye karatasi, lakini takriban theluthi moja tu ya waliopangiwa ndio waliopata huduma yenyewe, na kwa jumla tofauti haikuonekana. Kwa hiyo hatuongezi nyumba mpaka kila mgonjwa tuliye naye awe amepigiwa simu ya saa 48 na kutembelewa ndani ya siku tatu, bila kukosa hata mmoja, kwa miezi miwili mfululizo.

Orodha ya kila ziara sasa inaanza na maswali mawili kwa mhudumu, kabla hatujamgusa mgonjwa: umelala saa ngapi jana, na nani atakushika zamu leo.

Ijumaa anatoka mgonjwa mpya, amepooza kulia, na mke wake ndiye atakayemhudumia. Mkanda uko kwenye mkoba. Binti wa nyumba ya kwanza amekubali kuja wodini asubuhi kumwonyesha pa kuweka mkono.